Mbu Hawajui Kiingereza

Mtu akitaka kuona jinsi mbu wanavyozaliana Mbagala, si lazima awafuge. Anaweza kuwaiga ndani ya kompyuta: kila mbu ni nukta, kila dimbwi ni mraba wa buluu. Anaandika kanuni chache, kisha anawaacha waishi, wazae, wafe. NetLogo, aliyoibuni Uri Wilensky mwaka 1999, hufanya kazi za namna hiyo. Ni lugha nyepesi, hata mwanafunzi wa sekondari anaimudu. Ila amri zake zote ni za Kiingereza.

Nikisema tuandike amri hizo kwa Kiswahili, wenzangu wa shahada ya uzamili hucheka. Kiswahili, wanasema, ni cha taarabu na maandishi ya nyuma ya daladala. Uongo. Mashine haijui Kiingereza wala Kizaramo. Inajua namba, na kila neno hugeuzwa namba kwanza. NetLogo imetokana na Logo ya mwaka 1967, ambayo mmoja wa wabunifu wake ni Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria. Watoto wa Ufaransa waliiandika Logo kwa Kifaransa, na dunia haikuanguka.

Tena sarufi yetu imekaa mkao huo huo. Soma: “Mbu akishiba, atafute maji. Nguvu zikiisha, afe.” Hapo “-ki-” ni sharti, “-e” ni agizo. Mtoto wa Temeke ana nusu ya lugha hiyo kichwani kabla hajagusa kompyuta.

Sitetei fahari ya lugha. Kanuni hizi ni madai kuhusu maisha yetu. Anayeandika kwamba mbu huuma watu waliolala ndani tu, amedai kuwa chandarua kinatosha. Mama anayekaanga samaki barabarani hadi saa nne usiku angembishia papo hapo, na watafiti waliochunguza mbu wa Dar es Salaam wangemuunga mkono: mbu wa malaria wa mji huu huuma sana nje. Lakini atabishaje asichoweza kukisoma?

Mtasema tunawafungia vijana nje ya dunia. Mimi kujumlisha na kutoa nilijifunza kwa Kiswahili shule ya msingi, na hesabu haikunikimbia nilipofika sekondari. Maneno ya kuanzia hayazidi hamsini. Tukiamua, tutayamaliza kabla ya masika. Tusipoamua, tusikisingizie Kiswahili.