Tusikibeze kitindamlo cha dakika mbili

Katika chumba cha walimu cha shule ninayofunza pana maikrowevu moja kuukuu, ambayo kwa miaka mingi haikuwa na kazi nyingine ila kupasha moto chai iliyopoa na wali wa jana. Majuma machache yaliyopita, mwalimu mmoja kijana, mgeni miongoni mwetu, alivunja yai ndani ya kikombe, akatia kakao, maziwa na vitu vingine nitakavyovitaja baadaye, akakoroga, akakitia kikombe mle ndani. Kabla kengele ya kipindi cha nne haijalia, alikuwa akila kitu laini, cheusi, mfano wa keki. Harufu ya chokoleti ikatanda chumba kizima. Mzee wetu mmoja aliiweka chini kalamu yake nyekundu, akatamka kwa ukali kwamba huo ni ulegevu wa vijana wa leo. Haraka haraka haina baraka, alisema, na chakula kisichomtoa mtu jasho si chakula.

Siku hiyo nilinyamaza kwa heshima. Leo namwomba radhi nimjibu, maana wahenga hao hao ndio walionena kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yanayoumia hapa ni ya wanafunzi wetu.

Hebu tukitazame anachokula mwanafunzi wa chuo anayejipikia chumbani, au yule wa sekondari ya kutwa ambaye wazazi hurejea nyumbani usiku. Asubuhi ni chai ya rangi na mandazi. Saa nne ni biskuti. Jioni, akiwa amechoka na vitabu bado vinamngoja, ni mkate mkavu na soda. Tumbo hujaa, hilo sikatai, lakini hujaa wanga na sukari, na baada ya muda mfupi njaa hubisha hodi tena. Sisi walimu wa Kiswahili tunawafunza staftahi, chamcha, chajio na kitindamlo. Tunawatahini, nao hupata alama zao. Kile kilichomo sahanini hatuwaulizi.

Pengo hilo wafanyabiashara wamekwisha kuliona. Mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja, alinitembelea hivi majuzi akiwa amebeba mkebe mkubwa mweusi wenye picha ya mwanamume aliyetuna misuli. Ndani yake mlikuwa na unga wa protini wenye ladha ya chokoleti. Alikuwa ameununua kwa zaidi ya shilingi 5,000, fedha alizopewa za matumizi ya mwezi. Nilipomuuliza atakula nini mpaka mwezi uandame, alinijibu bila wasiwasi, "Mjomba, si nitakuwa nikinywa huu?"

Sitaki kumdhulumu mwenye mkebe. Unga ule aghalabu hutokana na maji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kuwa jibini, na protini yake ni ya kweli: kipimo kimoja cha gramu 30 huwa na gramu 20 hadi 25 hivi. Ubaya hauko katika unga wenyewe ila katika imani kwamba protini hupatikana mkebeni tu. Mtu mzima mwenye afya huhitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzani wake. Mpwa wangu ana kilo 60. Kwa hiyo anahitaji gramu 48 hivi, labda na ziada kidogo kwa ajili ya ile kandanda yake. Yai moja lina gramu 6. Gramu 100 za maharagwe yaliyochemshwa zina gramu 8 au 9. Karanga, kwa kila gramu 100, zina karibu gramu 25. Hesabu hii haimshindi mwanafunzi wa darasa la sita, lakini kijana wa chuo kikuu hakuwahi kuifanya.

Nilimketisha mezani tukaifanya. Kisha tukaenda jikoni.

Kifaa chenyewe kina historia inayostahili kusimuliwa darasani. Wapo wanaokiita tanuri la mawimbi, na jina hilo ni zuri, ila sijamsikia mtu akilitumia akiwa na njaa. Mwaka wa 1945, Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon nchini Marekani, alikuwa akishughulika na magnetroni, kile kitoa-mawimbi kilichotumiwa katika rada wakati wa vita. Inasimuliwa kwamba aligundua kuwa kipande cha peremende alichokuwa nacho mfukoni kimeyeyuka, na wengi husema kilikuwa cha chokoleti. Mtu huyu hakuwa amemaliza hata shule ya msingi, alijisomea mwenyewe. Mashine ya kwanza ya kuuzwa ilitoka mwaka wa 1947, ikiwa na urefu wa mtu mzima na uzito wa zaidi ya kilo 300. Ile ndogo ya kuwekwa juu ya meza ya jikoni ilikuja mwaka wa 1967. Basi chokoleti na maikrowevu ni marafiki wa tangu nitoke.

Mawimbi hayo, yenye kasi ya mitetemo milioni 2,450 hivi kwa sekunde, huzitikisa molekuli za maji zilizomo katika chakula, na mtikisiko huo ndio joto. Hayakifanyi chakula kuwa na sumu ya nyuklia, kama nilivyowahi kusikia ikidaiwa na mtu mwenye shahada. Wala hayapiki kutoka katikati kwenda nje, kama wengi wanavyoamini. Hupenya sentimita chache tu, na hayapenyi sawasawa, ndiyo sababu sahani ya ndani huzunguka. Na kwa kuwa ni maji yanayochemka, uso wa chakula haupati joto kali la kuukausha na kuugeuza rangi. Keki ya kawaida ikipikwa humo hutoka imepauka kama mgonjwa. Hapa ndipo nilipoanza kuiheshimu akili ya aliyechagua chokoleti. Kakao ni mbegu iliyokwisha kukaangwa. Huja na weusi wake na ladha yake ya moto, na kasoro ya mashine haionekani tena.

Kakao yenyewe haitoki mbali sana. Cote d'Ivoire na Ghana hutoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia nzima, lakini hata majirani zetu huilima: Waganda kule Bundibugyo na Watanzania kule Kyela. Tatizo ni bei. Mwaka wa 2024 tani moja ilipita dola 10,000 katika soko la dunia. Hata hivyo kikombe kimoja huhitaji vijiko viwili tu.

Tulivyofanya ni hivi. Tulichukua gramu 100 za maharagwe mekundu yaliyobaki kutoka chajio, yaliyochemshwa yakaiva vizuri na ambayo hayakuwa yametiwa kitunguu, tukayaponda mpaka yakawa kama uji mzito. Tukavunja yai moja, tukatia vijiko vitatu vya mezani vya maziwa, kijiko kimoja cha siagi ya karanga, viwili vya kakao, kimoja cha sukari, na robo ya kijiko cha chai ya bekingi pauda. Tukakoroga ndani ya bakuli la kioo lenye nafasi, kwa sababu mchanganyiko huo hufura. Tukapika kwa sekunde 90, tukatazama, tukaongeza 20, tukatazama tena. Kisha tukauacha utulie dakika moja, maana joto huendelea kusambaa hata baada ya mashine kuzimwa. Protini iliyokuwemo ilikaribia gramu 22. Mpwa wangu aliusoma mkebe wake, akalitazama bakuli, akausoma tena.

Utamu je? Sitasema uongo. Jaribio letu la kwanza lilikuwa kama raba ya kufutia penseli. Tulilipika dakika tatu mfululizo, na protini ya yai, ambayo huanza kugandamana kwenye nyuzi 60 na kitu, ikizidishiwa moto hujikaza na kuyakamua maji yake. Unga wa mkebeni nao una ila hiyo hiyo, tena zaidi. Anayeutumia hana budi kuongeza ndizi iliyopondwa au maziwa ya mala ili kitu kisikauke. Jaribio la pili lilikuwa laini. Bintiye jirani, mtoto wa miaka minane, alikula nusu yake bila kujua kwamba anakula maharagwe, na alipoambiwa alidai tumemchezea shere.

Yapo ya kuonya. Nilipoinunua mashine yangu ya nyumbani, kwa ujuvi wangu nilitia yai zima na ganda lake. Mvuke haukupata pa kutokea, yai likalipuka, nami nikashinda jioni nzima nikikwangua kuta za ndani kwa kijiko. Kikombe cha bati au chenye mapambo ya dhahabu hutoa cheche. Plastiki isiyokusudiwa kazi hiyo huyeyuka. Yai lazima liive kabisa, pasisalie majimaji katikati. La hatari kupita yote ni kutumia unga wa maharagwe mabichi kwa kudhani kwamba dakika mbili zinatosha. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu inayomtapisha mtu na kumharisha, na huondolewa kwa kuyachemsha maji yakitokota kwelikweli kwa muda usiopungua dakika kumi. Jiko la mkaa lililopika githeri ndilo lililofanya kazi ngumu. Maikrowevu inamalizia tu. Kwa hivyo mzee wetu asihuzunike, jasho lingalimo.

Kuna jambo jingine lililonifurahisha. Nilipoyaeleza haya katika chama chetu cha lishe, walioandika vipimo daftarini kwa bidii zaidi walikuwa wavulana. Nilipokuwa shuleni mimi, sayansikimu ilikuwa somo la wasichana. Sisi tulipelekwa karakana kupiga misumari, tukahitimu bila kujua kuchemsha yai. Wengi wetu tuliingia vyuoni na njaa hiyo, na hatukuwa na mtu wa kumlaumu.

Najua nitakayoulizwa. Ni nyumba ngapi za wanafunzi wetu zenye maikrowevu? Ni chache, na katika mabweni mengi ni marufuku kupika kwa umeme chumbani, amri ambayo siwashauri kuivunja. Kwa hao, mchanganyiko ule ule ugawe katika vikombe viwili vya udongo, uvifunike kwa sahani ndogo, uvisimamishe ndani ya sufuria yenye maji yanayofika nusu ya vikombe, ufunike sufuria, na uyaache maji yachemke polepole kwa dakika 25 hivi. Hapo dakika mbili zitakuwa zimegeuka karibu nusu saa, na mzee wetu atakuwa amepata baraka zake. Atakapoinua kifuniko, aurudishe uso nyuma kidogo. Mvuke huo ni mkali.