Mchujo wa Kwanza ni Nauli

Usaili, yaani utaratibu wa kuwapima waombaji wa kazi kwa mtihani wa kuandika, kwa vitendo au kwa mahojiano ya ana kwa ana kabla ya kuwaajiri, sasa ndio mlango mkuu wa kuingilia katika utumishi wa umma Tanzania, na tangu walimu, ambao kwa miaka mingi walipangiwa vituo bila kusailiwa, walipoingizwa katika utaratibu huo na kusailiwa mikoani mwanzoni mwa mwaka 2025, karibu kila kijiji kina mtu aliyeitwa. Kosa haliko katika usaili wenyewe. Kosa liko katika agizo moja linalorudiwa tangazo baada ya tangazo, kwamba kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi, kwa maana agizo hilo ni mchujo ambao haumo katika sheria yoyote, na kinachopimwa ndani yake ni mfuko wa mtu, si sifa zake.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja zao. Husemwa kwamba waombaji ni wengi mno, kwani walimu zaidi ya 200,000 waliomba nafasi 14,648, na Mamlaka ya Mapato Tanzania iliwaita watu 112,952 kwenye usaili wa Machi 2025 kwa nafasi 1,596 tu, hivyo Hazina haiwezi kumlipia nauli kila mmoja. Husemwa pia kwamba ushindani wa wazi umepunguza upendeleo wa zama ambazo kila taasisi ilijiajiria yenyewe, na hilo lina ukweli. Wapo hata wanaodai kwamba anayeitaka kazi kwa dhati hakosi nauli, dai ambalo hutolewa na watu ambao tayari wana mshahara.

Gharama hiyo huonekana vizuri ikitazamwa kutoka Ushongo, kijiji cha wilaya ya Pangani kilicho kusini mwa mto Pangani, ambako watu huishi kwa uvuvi, minazi na kazi za hoteli za ufukweni. Mhitimu wa hapo anayeitwa Tanga mjini huanza safari kwa bodaboda hadi Bweni, akavuka mto kwa pantoni, kisha akapanda basi kwa mwendo wa takriban kilomita 50, na kwa kuwa hutakiwa awe kituoni saa 1 asubuhi, hana budi kuondoka jana yake na kulipia gesti na chakula cha usiku. Hiyo ni hatua ya mchujo tu. Akifaulu huitwa tena kwa mahojiano, ambayo kwa kada nyingi hufanyika Dodoma, safari ya kutwa nzima kwa basi, na fedha yake hukopwa kwenye kikoba cha mama au kwa mwenye chombo, ilhali hakuna anayejua kama italeta kazi. Ikikadiriwa kwa uchache kabisa kwamba kila mmoja wa wale 112,952 alitumia shilingi 20,000, jumla yake inazidi shilingi bilioni 2.2, zilizotoka kwa watu ambao wengi wao wanatafuta kazi, na katika kila watu 70 hapakuwa na nafasi zaidi ya moja.

Juu ya nauli kuna karatasi. Msailiwa hutakiwa kufika na vyeti halisi, na ambaye majina yake yanatofautiana kati ya cheti kimoja na kingine hudaiwa hati ya kisheria ya kubadili jina, ambayo huandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Sharti hilo huwaelemea watu wa pwani kwa namna ya pekee, kwa kuwa majina yao mengi yana maandishi mawili: Athumani wa cheti cha kuzaliwa huwa Othman katika cheti cha kidato cha nne, na Ramadhani huwa Ramadhan, kwa sababu tu karani mmoja aliandika jina kama linavyotamkwa nyumbani na mwingine kama linavyosomwa kwa Kiarabu. Herufi moja iliyoongezwa na karani wa serikali humlazimu raia alipie wakili. Siku ambazo zilipaswa kutumika kusoma majukumu ya kazi, kanuni za maadili ya utumishi na somo la fani yake huishia katika foleni za ofisi, wakati serikali hiyohiyo tayari inamtambua kwa namba ya kitambulisho cha taifa aliyoijaza katika mfumo wa maombi ya ajira.

Hoja ya wingi wa watu haina nguvu, na inachosha kuisikia kila mwaka. Kila Novemba Baraza la Mitihani la Tanzania huwafanyisha mamia ya maelfu ya watahiniwa mtihani wa kidato cha nne, kwa siku na saa zilezile, katika shule za kila wilaya, Pangani ikiwamo, karatasi zikiwa zimefungwa na kulindwa, wala hakuna mtoto anayeambiwa ajitafutie gesti mkoani. Usaili wa walimu wenyewe ulipelekwa mikoani, na hapo serikali ilithibitisha kwamba mtihani unaweza kumfuata mtu. Kutoka mkoa hadi wilaya ni hatua moja, na isipochukuliwa, kauli kwamba ajira hutolewa kwa sifa na ushindani chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, haina ukweli kwa yule aliyeshindwa kuvuka mto, kwa kuwa hakushindanishwa na yeyote. Jina lake liliandikwa tu kwamba hakufika.

Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, inayotoa matangazo ya usaili, iliondoe agizo la kujigharamia katika tangazo lijalo, uhakiki wa majina uachwe hadi mtu apate kazi, na mtihani wa mchujo wa waombaji wa Pangani ufanyike Pangani.