Pikipiki ya umeme ya porini: betri aifungue nani?

Hivi nguvu ya pikipiki ya umeme iko wapi? Ukiwauliza vijana wengi wa mjini watakujibu iko kwenye mota. Wati ngapi? Inakimbia ngapi? Inapanda Kitonga bila kuhema? Maswali mazuri, lakini mimi naona tunaanzia mkiani. Nguvu iko kwenye betri. Na kwa mtu anayetaka chombo cha kupita kwenye tope, mawe na makorongo, swali kubwa kuliko yote ni hili: siku hiyo betri ikigoma, nani anaruhusiwa kuifungua?

Twende na hesabu kwanza, tusije tukaishia kwenye porojo. Nguvu ya umeme ni volti mara ampea. Betri ya volti 72 inayotoa ampea 100 inakupa Wati 7,200. Nguvu moja ya farasi ni kama Wati 746, kwa hiyo hapo una farasi 9 na ushei. Haiko mbali na bodaboda ya cc 125 unayoipanda kila siku. Tofauti ni kwamba mota ya umeme inatoa msukumo wake mkubwa tangu gurudumu limesimama. Hakuna kusubiri injini ichangamke, hakuna klachi. Aliyewahi kukwama kwenye utelezi wa masika anajua hiyo ina maana gani.

Hizo volti 72 zinatoka wapi? Kwenye seli ndogo za lithiamu, kila moja kama betri ya tochi iliyonenepa kidogo, yenye volti 3.6. Panga 20 mfululizo, unapata 72. Halafu chukua safu 10 za namna hiyo, uziunge sambamba, ili kila seli itoe ampea 10 tu badala ya kubeba mzigo wote peke yake. Jumla seli 200. Kama kila moja ina ampea-saa 5, betri nzima ni kilowati-saa 3.6, na uzito wa seli peke yake ni kama kilo 14. Basi. Hakuna uchawi hapo, ni hesabu ya darasa la saba na mikono iliyotulia.

Kwenye mota ndipo wengi wanapoteleza. Wananunua ile inayokaa ndani ya gurudumu kwa sababu ni rahisi kufunga. Kwenye lami ni raha tupu. Kwenye mlima mkali, mwendo ukiwa wa taratibu, umeme mwingi unaishia kuwa joto badala ya mwendo, na mota inachemka. Kwa porini afadhali mota ya katikati inayovuta mnyororo, sproketi ndogo mbele na kubwa nyuma, ili mota izunguke haraka hata gurudumu likiwa linakwenda polepole. Ni akili ileile ya gia namba moja.

Kwamba umeme unaweza kazi hiyo, mjadala umeshafungwa. Mwaka 2021 kampuni ya Stark ya Barcelona ilionyesha pikipiki ya mashindano ya matope, Varg, yenye nguvu za farasi 80. Mwaka huohuo kampuni ya CAKE ya Sweden ilipeleka pikipiki zake Afrika Kusini, kwenye chuo cha Southern African Wildlife College, zitumiwe na askari wa wanyamapori. Sababu inapendeza: injini ya petroli inamtangazia jangili kwamba askari anakuja, ya umeme inanyamaza. Tena inachajiwa kwa jua, hakuna kusafirisha madumu ya mafuta porini.

Lakini sikilizeni mwisho wake. Mapema mwaka 2024 CAKE ilifilisika. Kabla yake, mwaka 2018, kampuni ya Alta Motors ya California, iliyotengeneza pikipiki za umeme za matope zilizosifiwa sana, ilifunga milango. Hata kama mali za kampuni zinakuja kununuliwa na mtu mwingine, mwenye pikipiki anabaki na swali lake mkononi. Seli zikichoka, nani atazibadilisha? Programu ya kontrola ikikataa, nani mwenye nywila?

Ndiyo maana nawatetea hawa vijana wanaojiundia pikipiki zao za umeme nyuma ya nyumba. Siwatetei kwa sababu ya mbio. Nawatetea kwa sababu chombo ulichokiunga mwenyewe, kwa vipande unavyovijua, hakifi siku kampuni inapokufa.

Na hapa kwetu jambo hili linakuja mbio. Kigali, kuanzia Januari 2025, pikipiki mpya za kubeba abiria zinazosajiliwa ni za umeme. Mfumo uliozoeleka huko ni wa kubadilishana betri: unafika kituoni, unaacha iliyokwisha, unachukua iliyojaa. Betri si yako. Kwa mjini ni utaratibu mzuri, dereva hapotezi muda na hana deni la betri kichwani.

Sasa uhamishie utaratibu huo milima ya Uluguru au kata za juu kule Lushoto. Kituo cha kubadilishia kiko wapi? Wenzetu Ulaya wanaingia porini Jumamosi kwa mchezo. Sisi porini ndiyo njia ya kwenda nyumbani. Pikipiki inashusha kabichi alfajiri, jioni inampandisha mgonjwa, na usiku huenda ikambeba mama mwenye uchungu. Petroli inauzwa kwenye chupa, kwa bei inayozidi ya mjini. Wakati huohuo nguzo za umeme zimefika vijiji vingi, na Bwawa la Nyerere pale Rufiji limejengwa kutoa megawati 2,115. Mtu wa kijiji kama hicho hahitaji betri ya kukodi. Anahitaji betri yake, aichaji kwake, na fundi wa karibu wa kuitazama.

Najua kuna atakayesema: ukiruhusu kila mtu afungue betri, mtachoma nyumba. Hoja hiyo ni ya kweli, siipuuzi. Seli bandia zipo. Wapo wanaookota seli za kompyuta za zamani na kuzichanganya, chovu na nzima. Wapo wanaofunga betri bila ule mfumo mdogo wa kulinda seli zisijazwe kupita kiasi. Betri ya volti 72 ikijaa inafika volti 84, siyo ya kuchezea kwa bisibisi yenye unyevu. Na moto wa lithiamu ukishashika, ndoo ya maji haikusaidii.

Lakini jibu la hatari ni shule. Fundi wa nyaya za majumbani tunamsomesha na kumpa leseni, hatukusema umeme ufungiwe ofisini kwa mzungu. VETA iweke kozi ya betri za lithiamu: kupima seli, kuzilinganisha, kuziunga, kuzilinda na maji. Kampuni zinazoleta pikipiki hizi ziambiwe mambo matatu. Kasha lifungwe kwa bolti, siyo gundi. Mchoro wa ndani apewe mnunuzi. Na kampuni ikifunga biashara, programu iachiwe wazi.

Wajenzi wa nyuma ya nyumba nao wasijidanganye. Ulaya, kinachohesabiwa baiskeli ya umeme ya kawaida ni Wati 250, na mota inaacha kusaidia ikifika kilometa 25 kwa saa. Chombo cha Wati 7,000 ni pikipiki, hata ukikifunga pedeli. Kinataka breki za pikipiki, helmeti na namba.

Na sisi waandishi tuna deni letu. Pikipiki za umeme zikizinduliwa, tunapiga picha mgeni rasmi akikata utepe, tunaandika habari ya kulinda mazingira, tunarudi ofisini. Mara nyingine, kabla hatujazima rekoda, mmoja wetu aulize: jamani, hii betri ikigoma kule Matombo mvua inanyesha, nani ataifungua?

Mnasemaje?