Ruhusa Itolewe Kabla ya Uchungu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kutokana na tone, akamhifadhi ndani ya tumbo la mamaye, kisha akamsahilishia njia ya kutoka. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Dada mmoja wa upande wa Mambrui ameniletea swali kwa mkono wa shangaziye. Ana mimba ya miezi minane, nayo ni mimba yake ya kwanza. Mavyaa yake ataka azalie nyumbani, kama alivyozaa yeye watoto wake wote, kwa ajili ya sitara. Mumewe yuko Ghuba kikazi, na mambo ya nyumba huamuliwa kwa simu. Yeye mwenyewe ataka kwenda hospitali, ila achelea kuonekana amewavunjia heshima wakwe. Auliza: sheria yasemaje? Na atakapokuwa na mtoto wake mkononi, arobaini yake aipitishe vipi?

Nitaanza na sitara, kwa kuwa ndiyo hoja ya mavyaa, na mama huyo hakukosea kuijali. Lakini hakuna aya wala hadithi inayomwamrisha mwanamke kuzalia nyumbani. Bi Maryam (A.S.), mbora wa wanawake wa zama zake, alishikwa na uchungu mbali na watu wake, chini ya shina la mtende. Na Mola wake, aliyekuwa muweza wa kumteremshia kila kitu bila ya yeye kuinua mkono, alimwamrisha alitikise lile shina, ale tende mbivu, anywe maji na aburudike. Mwanamke aliye katika uchungu, na bado anaamrishwa kushika sababu! Sisi leo sababu zetu ni gari, muuguzi na chumba cha upasuaji.

Ama kuhusu kuonekana na wageni, wanazuoni wetu wameshaliweka wazi. Mwanamke atibiwe na mwanamke. Akikosekana, dharura huhalalisha mwanamume, na kinachofunuliwa ni kile kinachohitajika tu, kwa muda unaohitajika. Dada yangu, nenda na leso zako mbili tatu safi, sema mapema kliniki kwamba wapendelea kuhudumiwa na wanawake, na uulize kama jamaa yako wa kike aruhusiwa kuwa nawe ndani. Hata kondo la nyuma, ikiwa jamaa wataka likazikwe nyumbani kama ilivyo desturi, lisemwe kabla, lisingoje kugombaniwa mlangoni.

Na mavyaa naye tumuelewe. Alipozaa yeye, hospitali ilikuwa safari. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, mja mzito wa Mnarani aliyetaka kufika hospitali ya Kilifi alingoja feri, na uchungu haungoji feri. Wakunga wetu wa jadi walishika nafasi hiyo kwa subira, mikono mipole na dua, nami siwezi kuwadharau watu waliopokea nusu ya mji huu duniani. Lakini mkunga hana sindano ile ambayo muuguzi humchoma mama mara tu mtoto atokapo ili tumbo la uzazi likaze. Hana akiba ya damu, wala kifaa cha kumpulizia pumzi mtoto aliyetoka bila kulia. Damu ya baada ya kuzaa, ikishindikana kuzuiwa, huweza kuitoa roho ya mama baina ya adhuhuri na alasiri. Wengi wameshalitambua hilo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa asilimia 61 ya watoto nchini Kenya walizaliwa katika vituo vya afya, na ule wa 2022 ukaonyesha asilimia 82.

Kwa hivyo jawabu langu la kwanza ni jepesi: nenda hospitali. Linalonishughulisha zaidi ni lile neno lako kwamba mambo ya nyumba huamuliwa kwa simu.

Katika nyumba nyingi za mwambao huu, mwanamke hafiki akachelewa kwa umbali wa njia peke yake. Huchelewa kwa kungoja neno. Uchungu umeanza magharibi, damu imeonekana baada ya isha, na wanawake wa nyumbani wanatazamana. Mume amevua kwenda Ngomeni na simu yake haishiki. Au yuko Doha, zamu ya usiku, na simu imefungiwa kwenye kabati la kazini. Baba mkwe amelala, na hakuna anayetaka kumwamsha kwa habari za kike. Tuktuk iko nje ya mlango, nauli iko chini ya godoro, na bado watu wamekaa, kwa sababu mwenye kusema "mpelekeni" hajapatikana.

Basi na ijulikane kwamba mwanamke anayehofiwa nafsi yake haihitaji ruhusa ya mume ili atoke kutafuta matibabu. Fiqhi ya Imam Shafii, tunayoisoma madrasani tangu utotoni, imemtoa mwenye dharura katika hukumu ya kutoka bila idhini, na hakuna dharura iliyo wazi kuliko hii. Mavyaa anayempeleka mkaza mwanawe hospitali usiku wa manane hakumvunjia mwanawe heshima, amemhifadhia amana yake.

Wako wanaume wanaojiliwaza kwa hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, kwamba mwanamke anayekufa kwa sababu ya uzazi ni shahidi. Hadithi ni kweli, na ni faraja kubwa kwa waliofiwa. Lakini hadithi hiyo hiyo imemtaja pia aliyekufa maji kuwa ni shahidi. Ni mvuvi gani wa Mayungu au Takaungu ambaye, akimwona mwenziwe anazama, hukaa juu ya ngalawa akamtazama ili apate daraja ya shahada? Humtupia kamba. Mzazi naye atupiwe kamba.

Kwa hivyo, dada yangu, mpigie mumeo wiki hii, si siku ya uchungu. Weka simu kwa sauti ya juu, mavyaa na shangazi wakisikia, na umwombe aseme kwa ulimi wake kwamba uchungu ukianza upelekwe, asingojwe yeye, na kwamba fulani ndiye atakayeamua. Kisha muulizane: ni gari la nani, na dereva akikosekana ni la nani? Nauli iko kwa nani? Nani atakuwa nawe hospitali, na nani atabaki nyumbani? Ni jamaa gani wawili watatu watakaokuwa tayari kutoa damu? Serikali ilitangaza uzazi wa bila malipo katika hospitali za umma tarehe 1 Juni 2013, na baadaye ukaja mpango wa Linda Mama, lakini tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF. Hakikisha jina lako limesajiliwa na michango imelipwa, na uulize kliniki ni kipi kitakachogharamiwa. Huo ndio mfano wa kumfunga ngamia kisha kutawakali.

Liko jambo jingine la kuchelewesha, na hili latuhusu sisi tunaoitwa masheikh. Mja mzito huumwa na kichwa kisichotulia, macho yakaingia kiza, uso na mikono ikavimba, kisha akaanguka akitetemeka na kukaza viungo. Nyumbani husemwa ni jini, na mtu hutumwa kumwita sheikh. Mara nyingi hicho ni kifafa cha mimba, maradhi ya shinikizo la damu, na hospitali ina sindano ya kukizuia. Mimi nikiitwa kwa kisomo katika hali hiyo, sharti langu ni kwamba nisome garini tukielekea Malindi. Qur'ani haipungui baraka kwa kusomwa njiani.

Na ikiwa mtoto amewatangulia, akazaliwa nyumbani au ndani ya tuktuk? Hutokea. Mtoto asivutwe, wala kitovu kisivutwe. Mkausheni kwa leso safi, mwekeni kifuani mwa mamaye, ngozi kwa ngozi, mfunikwe wote wawili, apewe titi ndani ya saa ya kwanza. Kitovu kikilazimu kukatwa, ni kwa wembe mpya usiofunguliwa na uzi safi. Kisha safari ya hospitali iendelee pale pale, hata kama mama acheka na mtoto anyonya, kwa kuwa saa 24 za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa kwa wote wawili.

Sasa tuje arobaini. Hapa namrudishia mavyaa heshima yake yote, kwa kuwa nyumba yetu ya Kiswahili inajua kumlea mzazi. Tazama posa zetu: mkaja na ubeleko hutajwa pamoja na mahari. Mkaja ni nguo ya kumfunga mzazi tumboni, na ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Kabla bwana harusi hajaingia ndani, ameshakumbushwa kwamba mama wa bibi harusi alizaa na kulea. Taifa lenye desturi kama hiyo halihitaji kufundishwa na mtu kwamba mzazi apumzike. Uji wa pilipili manga, mchuzi wa kuku, kukandwa mgongo na miguu, kuondolewa jiko na ndoo ya maji: hayo yote na yabaki.

Yako machache ya kuachwa. Kukandwa tumbo kwa maji yanayounguza kumewachoma wengi, na aliyezaa kwa kupasuliwa haguswi kabisa mpaka daktari aseme. Kitovu cha mtoto kisipakwe majivu, mafuta, dawa ya meno wala mate. Kiachwe kikavu, isipokuwa dawa iliyotolewa kituoni, kwani pepopunda na usaha huingilia hapo. Mafukizo ya ubani yasijazwe chumba cha mtoto mchanga. Wanja usitiwe machoni mwake wala usichorwe usoni, maana baadhi yake una madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa mtoto. Ikiwa yahofiwa hasadi, Mtume (S.A.W.) aliwakinga wajukuu zake Hassan na Hussein kwa maneno ya kumwomba Mwenyezi Mungu, na Imam Bukhari ametupokelea dua hiyo. Haikuwa na haja ya wanja.

Maziwa yale mazito ya mwanzo, dang'a, yasimwagwe. Hayo ndiyo kinga yake ya kwanza. Mtoto anyonye miezi sita bila maji, bila ya sukari, bila dawa za chango. Ama tahniki, ni sunna: tende kidogo iliyolainishwa huguswa kaakaani mara moja, si chakula. Anayeifanya awe msafi wa mikono na kinywa, na mwenye kikohozi ampishe mwenziwe. Mtoto akikataa titi, akiwa wa moto au wa baridi, akipumua kwa haraka, akiwa manjano mpaka viganjani na nyayoni, asingoje asubuhi. Vivyo hivyo mzazi anayelowesha vitambaa kwa damu, mwenye homa, au mwenye harufu mbaya.

Kuhusu ibada, wengi wamechanganya desturi na sheria. Katika madhehebu yetu, nifasi haina uchache zaidi ya lahadha; mara nyingi huwa siku 40, na wingi wake ni siku 60. Damu ikikatika kabisa siku ya 20, mzazi ataoga na kusali siku hiyo. Hangojei arobaini itimie. Hata la unyumba linakuwa halali baada ya kuoga, lakini halali si lazima, na mume mwenye murua humwachia mkewe mpaka mwili upone na kliniki ya wiki ya sita impe neno.

Kuna mzazi ambaye hulia bila sababu, au humtazama mtoto kama wa jirani. Siku chache za mwanzo ni kawaida. Yakizidi wiki mbili, au akisema atajidhuru au atamdhuru mtoto, apelekwe kwa daktari, na asiachwe peke yake hata kidogo. Tafadhalini, asiambiwe kwamba imani yake imepungua. Mwenye kupoteza damu na usingizi kwa pamoja ana udhuru mbele ya Mola wake, basi awe na udhuru mbele ya mawifi pia.

Na mume? Aya ile ile ya Suratul Baqara inayotaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha ndiyo inayomwajibisha baba chakula na mavazi ya mama, na kuwataka washauriane kuhusu kuachisha. Bi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Mumeo aliye mbali hawezi kufua nepi, lakini aweza kutuma pesa za mtu wa kufua, na kupiga simu ya kuuliza umelala saa ngapi kabla ya kuuliza mtoto afanana na nani.

Akika ni siku ya saba kwa mwenye uwezo, mbuzi wawili kwa mvulana na mmoja kwa msichana. Asiye na uwezo hana lawama, wala asikope kwa ajili ya karamu. Jina likishapatikana, uzazi uandikishwe. Mtoto wa hospitali huarifiwa na hospitali yenyewe. Wa nyumbani huarifiwa kwa naibu wa chifu, ndani ya miezi sita. Kitabu cha kliniki kiwekwe pamoja na misahafu, mahali ambapo watoto wakubwa hawafiki.

Wallahu aalam.