Programu yako ya kwanza isiwe Facebook ya Congo

Ninapokutana na kijana anayetaka kujifunza kutengeneza programu za simu, hapa Butembo, humuuliza kwanza: unataka kutengeneza nini? Jibu karibu kila mara ni lile lile. WhatsApp ya Wakongomani. Facebook ya Kivu. Programu ya kuuzia kila kitu nchi nzima. Ukimuuliza tena baada ya miezi sita, bado anatafuta pesa ya kununua kompyuta yenye nguvu.

Simcheki, maana mimi pia nimepita hapo. Nililipia mafunzo ya miezi miwili. Tulijaza daftari kwa maelezo ya Kifaransa, tukapiga picha siku ya kupewa brevet, na hakuna hata mmoja wetu aliyetoka na programu inayofunguka kwenye simu. Karatasi ninayo hadi leo.

Kwa maoni yangu, mwanafunzi aanze na programu ndogo ambayo anaweza kuimaliza kwa siku mbili, inayosaidia mtu anayemjua, na iliyoandikwa kwa lugha ya mtu huyo. WhatsApp ya Wakongomani itangoja.

Yangu ilitoka sokoni. Mama mdogo wangu anauza unga wa muhogo. Wateja wengine wanalipa kwa dola, wengine kwa franka, na wengi wanachanganya: dola 5, halafu franka juu yake. Kiwango cha asubuhi si lazima kiwe cha jioni, na wale wanaobadilisha pesa kandokando ya barabara hawapatani wote. Akikosea hesabu mara mbili au tatu kwa siku, faida ya gunia imekwenda. Nilitaka kitu cha kazi moja tu: uandike dola, uandike kiwango cha leo, ubonyeze, uone franka. Utaniambia kikokotoo cha simu kinafanya hivyo. Ndiyo, lakini kila mteja akifika unaandika kiwango upya, na hapo ndipo makosa yanapoingia.

Nilitumia App Inventor, chombo cha bure kilichoanzishwa na Google mwaka 2010 na ambacho sasa kinasimamiwa na chuo kikuu cha MIT cha Marekani. Kinafunguka ndani ya kivinjari, hata kwenye kompyuta ya cyber. Android Studio, ambayo mafundi wanaitumia, inadai RAM ya giga 8 kwa uchache. Kompyuta yangu ya mitumba ina giga 4. Katika App Inventor huandiki kodi. Kwanza unapanga kitakachoonekana kwenye simu: visanduku viwili vya kuandikia, kitufe kimoja, na nafasi ya jibu. Kisha unaunganisha vipande vya rangi vinavyosema: kitufe kikibonyezwa, zidisha namba ya kisanduku hiki kwa namba ya kile, weka jibu pale. Simu yako, ikiwa na programu yao ndogo ya majaribio na iko kwenye Wi-Fi moja na kompyuta, inakuonyesha kazi papo hapo.

Saa moja ilinitosha kupata jibu sahihi. Dola 5 kwa kiwango cha 2 800, tuseme, ikatoa 14 000. Nikajiona fundi.

Kumbe kazi ilikuwa bado. Nikibonyeza kisanduku kikiwa kitupu, programu inatoa ujumbe wa kosa, kwa sababu haiwezi kuzidisha kitu kisichokuwepo. Ilibidi niiambie ihakikishe kwanza kwamba kilichoandikwa ni namba. Nikiifunga na kuifungua tena, kiwango kimepotea. Hapo ndipo nilipojifunza TinyDB, kipande kinachohifadhi jambo ndani ya simu yenyewe. Makosa hayo mawili yalinifundisha kuliko ile miezi miwili ya daftari.

Siku niliyompelekea, mama mdogo aliishika simu, akaitazama, akaniuliza: « Papa, hapa nafinya wapi? » Nilikuwa nimeandika « taux », « montant », « convertir ». Yeye anasoma Kiswahili bila shida, Kifaransa hapana. Niliona haya. Mimi ninayeandika habari kwa Kiswahili kila siku, nilipofika kwenye programu nilidhani lazima niongee kama benki. Jioni ile nikabadilisha: « kiwango cha leo », « dola ngapi », « hesabu ». Dakika kumi tu.

Wako watakaosema vipande vya rangi ni mchezo wa watoto, na kwamba fundi wa kweli anaandika kodi. Wana haki kidogo: ukitaka kufanya makubwa utalazimika kujifunza Kotlin au Java. Lakini kanuni ya « kama hivi, basi fanya vile » ni ile ile, na aliyekwisha kuisumbukia kwenye kazi yake hatapotea akiikuta kwenye kodi. Ninachokataa ni kumwambia kijana wa Beni asubiri kompyuta ya dola mia nyingi ndipo aanze.

Ugumu upo. Wakati wa kutengeneza unahitaji intaneti, na mega zetu ni ghali. Umeme nao ukikatika, unangoja. Programu ikishakamilika, hesabu kama hii haihitaji mega hata moja. Kuiweka Google Play kunaanza na dola 25 za kujiandikisha, zinazolipwa mara moja. Mimi sikulipa, niliituma kwa Bluetooth. Simu itaonya kwamba programu imetoka mahali isipopajua, na onyo hilo ni jema: usikubali faili kama hilo kutoka kwa mtu usiyemfahamu.

Sasa mama mdogo anataka iandike pia madeni ya wateja. Nimemwambia madeni yabaki kwanza kwenye daftari lake, hadi nijue majina ya watu yatakwenda wapi simu ikiibiwa.