Kompyuta Zilizolala Mngeta Wapewe Wanafunzi

Ndugu zangu wa Mngeta, na ninyi jirani zetu wa Mchombe na Chita, nawaletea shauri la kompyuta zilizolala katika shule na ofisi zetu, zimefunikwa nailoni mwaka baada ya mwaka, ambazo nyingi hazikufa, ila zimekosa mtu wa kuziuguza.

Nilifunguliwa chumba kimoja cha namna hiyo, nisichokitaja jina. Juu ya mashine moja mjusi kafiri alikuwa amejitagia mayai. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akapangusa vumbi kwa kanga kuukuu, akachomeka flashi aliyoazima yenye mfumo wa Ubuntu, mmojawapo wa jamii ya Linux, akaiwasha, akangoja kimya. Na mashine ile, ambayo tuliambiwa haifai ila kuuzwa chuma chakavu, ikamsalimu na kumtaka jina na nywila. Nywila akaiandika kiganjani kwa wino, kosa kubwa kwa msimamizi wa mfumo, lakini siku ile sikuwa na moyo wa kumkemea.

Desturi yetu ni kumwita fundi kutoka Ifakara aje apige windo, yaani apachike mfumo wa Windows, naye huchukua nauli na ujira akaondoka na maarifa yake. Na aghalabu windo yenyewe ni ya kunakiliwa pasipo haki, hata flashi ya kwanza itokayo stesheneri ikiingia na kirusi, mafaili yote yanageuka shotikati, nasi tunaanza upya. Ilhali Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, haiuzwi, na huenda vema katika mashine kongwe. Na hapa kwetu, mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyosema Kiswahili.

Wazee waliowaona Wachina wakitandika bondeni humu Reli ya Uhuru, yaani TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, watakumbuka kwamba vijana wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi ya reli hata kabla haijakwisha. Lakini kompyuta zetu zililetwa kwa hotuba na picha, bila mwanafunzi mmoja kukabidhiwa funguo.

Basi naomba kila shule iwape wanafunzi mashine tatu au nne ziwe mradi wao wa mwaka mzima, wala wasiishie kupachika programu, kwani kupachika ni kazi ya alasiri moja. Kazi yenyewe ni kuuangalia mfumo kila juma, kuamua nani ana idhini ya kubadili nini, kutoa nakala ya alama za mitihani katika diski ya pembeni, na kuandika yote daftarini. Ofisi zitakazotoa mashine zifute kwanza majina na namba za watu, maana sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 haina mzaha. Nasi wazazi, tukishavuna mpunga, tutoe debe moja moja zinunuliwe flashi na betri ya kukinga umeme unapokatika.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Ujao tuhudhurie, tumwombe mwenyekiti aliandike jambo hili la kwanza, kabla ya mengineyo.