Askari aliyerudi bila mikono hahitaji makofi yetu

SINEMA nyingi za vita hukoma pale bunduki zinaponyamaza. Bendera hupandishwa, tarumbeta hulia, na mtazamaji huondoka akiwa ameridhika kwamba wabaya wameshindwa na wema wanarudi makwao. Yanayowapata hao wema wakishafika makwao aghalabu hayamshughulishi mtengenezaji wa filamu, kwa kuwa hayana mlipuko wala moshi. Ndiyo maana ninaiheshimu filamu ya Kimarekani The Best Years of Our Lives, iliyotolewa mwaka 1946, ambayo huanzia pale ambapo nyingine huishia. Ni kongwe, haina rangi, na huchukua karibu saa tatu. Wanafunzi wangu huguna kila ninapoitaja. Hata hivyo ninashikilia kwamba inatuhusu sisi Wakenya, na hasa jinsi tunavyowapokea na tunavyowaita askari wetu waliojeruhiwa.

Kisa chenyewe si cha kutatanisha. Wanajeshi watatu wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia wanarejea katika mji wa kubuni uitwao Boone City. Mmoja ni mtu wa benki, mwingine alikuwa mhudumu wa dukani kabla ya kuwa afisa wa ndege za mabomu. Wa tatu, ambaye ndiye ninayetaka kumzungumzia, ni Homer Parrish, baharia kijana aliyepoteza viganja vyote viwili vitani. Mahali pa viganja pana kulabu mbili za chuma.

Aliyemwigiza Homer hakuwa mwigizaji. Harold Russell alikuwa askari aliyekatika viganja kambini North Carolina tarehe 6 Juni 1944, siku ile ile majeshi ya washirika yalipotua Normandy. Hakupigwa na adui. Baruti ilimlipukia akiwafunza wenzake. Mwongozaji, William Wyler, alimwona katika filamu fupi iliyotengenezwa kuhusu majeruhi, akabadilisha kisa ili kimfae, maana katika hadithi ya MacKinlay Kantor iliyokuwa msingi wa filamu, Homer ana ulemavu wa namna nyingine kabisa. Inasimuliwa kwamba Wyler aliposikia Russell anapelekwa kujifunza uigizaji, alikomesha mafunzo hayo mara moja. Na Wyler mwenyewe alikuwa majeruhi wa vita hivyo hivyo: mwaka 1945, akipiga picha ndani ya ndege ya kijeshi huko Italia, mngurumo uliliharibu sikio lake. Filamu hii basi ni kazi ya mtu aliyejua ni nini kurudi nyumbani ukiwa na upungufu.

Tazama wanavyofika. Teksi inawapeleka watatu hao mmoja baada ya mwingine, na wa kwanza kushuka ni Homer. Kabla hawajafika kwao, anawashawishi wenzake waende kwanza kwa mjomba wake wakanywe kidogo. Ni kijana aliyeona vita, naye anauogopa mlango wa mamake. Wenzake hawakubali. Anashuka. Wilma, binti wa jirani aliyekuwa mchumba wake, anamkimbilia na kumkumbatia, lakini mikono ya Homer inabaki imening'inia ubavuni kama ya mtu aliyesahau inavyotumiwa. Kisha anageuka kuwaaga wenzake, anainua kulabu kuwapungia, na hapo mama anaiona. Kilio kinamtoka kabla hajaweza kukizuia. Hakusema neno baya. Wala hakuna aliyesema neno baya katika nyumba ile yote. Wote wanampenda, na pendo lao ndilo linalomchoma, kwa sababu kila mmoja anajitahidi kutotazama.

Ndani ya teksi, askari hao wawili waliobaki wanaambiana kwamba jeshi la wanamaji limemfunza kijana vizuri kuzitumia kulabu zake, isipokuwa halikuweza kumfunza namna ya kumkumbatia mchumba. Sijasikia hotuba ya serikali yoyote iliyokaribia ukweli huo.

Onyesho jingine ni la chumbani. Homer anaamua kumwonyesha Wilma kila kitu, aamue mwenyewe kama atayaweza. Anavua mikanda inayoshikilia kulabu, anaziweka kitandani, na anamweleza bila kuomba huruma kwamba akishazivua, mlango ukijifunga hawezi kuufungua. Itambidi aite mtu. Hiyo ndiyo hofu yake: mlango wa chumba chake mwenyewe. Wilma hatoi hotuba. Anamsaidia kuvaa shati la kulalia na kumfunga vifungo.

Sasa niruhusu, msomaji, niingie katika uwanja wangu wa lugha. Kwa muda mrefu pamekuwa na mjadala iwapo Kiswahili kinawadharau watu kwa kuyaweka maneno kilema, kiwete, kipofu na kiziwi katika ngeli moja na kiti na kisu. Wanaokitetea hukumbusha kwamba kiongozi na kijana nao wamo humo, na kwamba twasema kipofu amefika, hatusemi kimefika. Kwa maoni yangu ngeli haina hatia. Mtu anaweza kusema "mwenye ulemavu", kama adabu inavyotaka leo, kisha akamuuliza anayesukuma kiti cha magurudumu, "Mwenzako atakunywa chai?", ilhali mwenyewe ameketi pale na masikio yake mawili.

Chukua methali tunayoikimbilia sote: hujafa hujaumbika. Nia yake ni njema, kumkanya anayecheka. Lakini angalia inasemeshwa nani. Inasemeshwa mwenye viungo timamu. Aliyekatika mguu yupo tu kama ubao wa kufundishia. Neno shujaa, linalopendwa sana majukwaani, hutenda jambo lilo hilo kwa njia ya sifa. Shujaa halalamiki. Shujaa hahitaji kufunguliwa mlango. Katika filamu, watoto wanapomchungulia Homer dirishani, anavunja kioo kwa kulabu zake kwa ghadhabu, na mtazamaji anamwelewa. Je, shujaa wetu wa sikukuu za kitaifa angeruhusiwa kuvunja kioo?

Vita vya Homer vilikuwa vyetu pia. Maelfu ya vijana wa hapa walipigana chini ya King's African Rifles hadi Burma. Nyaraka zilizoanikwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba hata malipo yao ya kuagwa jeshini yalipangwa kwa rangi ya ngozi. Sijaona filamu ya waliorudi wakichechemea. Tuna sanamu za shaba barabarani Kenyatta Avenue, Nairobi, ukumbusho wa vita vya kwanza: watu watatu, wote wana viungo kamili.

Tangu Oktoba 2011 vikosi vyetu vilipovuka mpaka kuingia Somalia, tumewazika vijana wengi. Baada ya shambulio la El Adde la Januari 2016, serikali haikuutangazia umma idadi kamili ya waliouawa. Ikiwa wafu hawahesabiwi hadharani, ni nani atawahesabu waliorudi bila miguu, au walio na miguu yote ila hawalali usiku? Hao tunawapigia makofi mara moja kwa mwaka, wakiwapo.

Makofi ninayajua thamani yake kutokana na Russell mwenyewe. Mwaka 1947 alipewa tuzo mbili za Oscar kwa kazi hiyo moja. Ya kwanza ilikuwa ya heshima, kwa kuwatia matumaini askari wenzake; ya pili ya uigizaji, ambayo wengi hawakudhani angeishinda. Baadaye alisoma Chuo Kikuu cha Boston, akaongoza chama cha askari wastaafu, na kuanzia mwaka 1964 akawa mwenyekiti wa kamati ya rais iliyohimiza walemavu waajiriwe. Mwaka 1992 aliiuza ile tuzo ya uigizaji kwa dola 60,500, akieleza kwamba anahitaji fedha za matibabu ya mkewe. Waliokuwa wamempa walichukizwa.

Ninachowauliza wakuu wa jeshi letu ni kidogo, wala hakihitaji jukwaa. Mwana anapotoka hospitali ya jeshi akiwa na mguu wa bandia, nani huenda kijijini wiki moja kabla yake, akaketi na mama na mke, akawaonyesha kiungo hicho kinavyovaliwa na kuvuliwa, akapima upana wa mlango wa choo, na kuwaacha walie siku hiyo, mwenyewe akiwa bado hajafika?